Barakoa, Ree Mbili na Dagaa wa Da Mwajuma

Leo nimeaibika vibaya, na ushahidi bado umenasa kwenye meno yangu. Naandika mwenyewe kabla binamu yangu Rama hajawaletea habari na chumvi zake. (Ameshaanza. Nimeona status.)

Siku hizi mwezi ni mkubwa. Mwezi ukiwa mkubwa, hapa kwetu Kibirizi kunapoa. Ziwa zima linang'aa usiku, taa za wavuvi hazimvuti dagaa yeyote, kwa hiyo mitumbwi imepandishwa mchangani na watu wanashona nyavu. Mimi fundi wa injini za boti sina hata plagi ya kusafisha. Nilikuwa na muda mwingi, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Jioni hii boti lilikuwa linaondoka kwenda Kalya, kwenye harusi ya rafiki yetu Josefu. Limejaa. Nahodha akasema imebaki nafasi ya mtu mmoja. Wanaoitaka ni wawili, mimi na Rama. Rama anataka pilau. Mimi nataka kumwona Neema.

Neema ni ndugu wa bibi harusi. Tumekuwa tukiandikiana tangu masika, na hatujawahi kuonana. Juzi ameniandikia: "Harusini njoo, nikuone ulivyo." Nimeisoma hiyo meseji mpaka kioo cha simu kimechakaa. Kwa hiyo mwenzenu nafasi ile nilikuwa naihitaji kuliko hewa.

Nani alipendekeza tuamue kwa karata? Mimi. (Naomba mnyamaze kidogo, nimalize.)

Si karata mnazozijua. Ni poka, ile inayoitwa Omaha. Nimeifuatilia kwenye simu mwezi mzima, na ni mimi niliyewafundisha wenzangu. Kila mtu anapewa karata nne, anazificha. Halafu zinafunuliwa tano mezani kwa ajili ya wote. Unachukua mbili zako na tatu za mezani, mwenye mkono bora anazoa dau. Lakini utamu wenyewe uko mwanzoni, kabla karata za mezani hazijafunuliwa. Mwenzako akipandisha dau, na wewe mkononi una ree mbili, karata kubwa kuliko zote, usimfuate kinyonge. Mpandishie juu yake! Yule mwalimu wa kwenye simu anasema kwenye meza za watu wa kawaida kila mtu anapenda kuingia kwa bei ndogo, aone tu. Ukiwapandishia, wenye karata za ovyo wanakimbia, na anayebaki analipia udadisi wake.

Nikajiona nimeshafika Kalya.

Tukaenda kwenye kibanda cha Da Mwajuma wa Ujiji, anayeuza dagaa wakavu. Alipoona karata, akashika kiuno.

"Hela sitaki kuiona hapa. Kibanda changu si cha kamari."

"Hapana dada, hakuna hela. Tutawekeana dagaa."

"Dagaa wa nani?"

Tukamwangalia. Akatuangalia.

"Wako, dada."

Akacheka mpaka akakaa. Mwishowe akatupimia nusu kopo kila mmoja, mimi, Rama na Ndayi. Ndayi ni jirani yetu, wazazi wake walitoka Burundi. Yeye alicheza kujifurahisha tu, safari mkewe ameshaikataa. Masharti yakawa rahisi: ikifika alasiri Da Mwajuma anapima, kati yangu na Rama mwenye dagaa wengi anapanda boti. Na wakishapimwa, wote wanarudi kwenye gunia lake.

Nilipopewa fungu langu nikaonja mmoja. Si ulafi. Hapa kwetu dagaa hanunuliwi kwa macho. Unamtafuna mmoja, unasikiliza kama meno yanakutana na mchanga. Wa Da Mwajuma hawakuwa na mchanga hata chembe. Nikaridhika.

Tukaanza.

Haikuchukua muda nikapata ree mbili, ya kopa na ya shupaza, na pembeni zimesindikizwa na ndogo zao za rangi hizohizo. Karata za harusi kabisa! Rama akapandisha dau. Nikatafuna dagaa mmoja, nikatulia kama mtu asiye na habari, nikampandishia juu yake.

Rama akazitupa karata zake. Ndayi naye akazitupa.

"Mbona mnakimbia?" nikauliza.

"Tumechoka," akasema Rama. (Mchezo ndiyo kwanza umeanza!)

Nikazoa kafungu kadogo. Sawa. Baadaye nikapata tena ree mbili. Nikampandishia tena. Wakakimbia tena. Sasa mwalimu wangu alishaonya jambo hili: ukiwapandishia watu kwa ree peke yake, wanakujua. Changanya. Mara nyingine wapandishie ukiwa na karata zinazofuatana. Nikasema kumbe dawa ninayo. Nikapata tisa, kumi na wenzake wawili wanaofuatia. Rama akapandisha, nami huyo, juu yake, na uso wangu mkavu kama jiwe.

Rama akanitazama mdomoni. Nilidhani ananionea huruma.

"Huyu hana ree," akamwambia Ndayi. "Twende naye."

Wakaja wote wawili! Karata za mezani zikanikataa, nikapoteza rundo la kutosha kupikia msiba.

Jamani, niambieni. Alijuaje? Nilishikwa na udadisi ambao sijawahi kuupata hata nikifungua injini iliyozama. Nikageuka nyuma kutafuta kioo. Kulikuwa na gunia. Nikazikagua karata mgongoni, labda zimewekwa alama. Zilikuwa na mafuta ya mihogo, lakini sawasawa zote. Nikamwomba Ndayi tubadilishane viti. Nikaanza kuzisomea karata chini ya meza. Kila nikiwa na ree mbili, wanakimbia. Kila nikiwa sina, wananifuata wakiimba.

"Rama, una dawa?" nikamuuliza.

"Dawa ya nini, Fundi? Wewe si ndiye mwalimu wetu?"

Nikawaza tena. Kama si kioo wala alama, basi ni uso wangu. Bila shaka uso unanisaliti, labda nyusi, labda pua. Nikakumbuka nina barakoa kwenye begi la kazi, ninayovaa nikipiga msasa. Nikaivaa. Nikashusha kofia. Yakabaki macho tu.

"Sasa nisomeni," nikasema.

Karata zikagawiwa. Nikazifunua kidogo chini ya meza. Ree mbili! Moyo ukaruka, lakini nani angeuona? Nimefunikwa. Ndayi akapandisha dau. Nikainua barakoa kidogo, nikatupia dagaa mdomoni, nikairudisha barakoa mahali pake, nikampandishia juu yake kwa heshima zote.

Kibanda kizima kikalipuka. Ndayi akadondoka kwenye benchi.

"Yampaye inka!" akapiga kelele kwa Kirundi, kiapo cha aliyempa ng'ombe, huku anagaragara. "Nimekufa mie!"

Rama alikuwa anafuta machozi kwa karata. Da Mwajuma, aliyekuwa anachambua dagaa mlangoni, akajifunika uso kwa kanga. Na wote wawili wakatupa karata zao.

Nilidhani wanacheka barakoa. (Nawaapia, nilidhani hivyo.) Nikawaambia wacheke tu, atakayecheka Kalya tutamwona. Hata hivyo nikaendelea, na nikapambana kweli. Ndayi akaishiwa kabisa. Mkono wa mwisho nilipata ree mbili, Rama akakimbia, nikazoa. Adhana ya alasiri inalia, fungu langu na la Rama yanaonekana sawa kwa macho. Niliogopa jamani, sioni aibu kusema, shati nilikuwa nimeshalipiga pasi kwa ajili ya Neema.

Da Mwajuma akaleta makopo mawili yanayolingana. Akamimina la Rama, akamimina la kwangu. Akayagonga chini ili dagaa washuke, maana hao ukiwaacha wamesimama wanadanganya. Tukainama wote.

La Rama lilikuwa juu. Kidogo tu. Upana wa kidole.

"Gonga tena, dada," nikasema.

Akagonga tena. Kidole kikabaki palepale.

Halafu yeye mwenyewe akakunja uso, akayatazama makopo yote mawili. "Ngojeni kwanza. Mimi hapa nilipima nusu, nusu, na nusu. Hawa hawafiki. Dagaa wangu wengine wako wapi?"

Nikatazama chini ya meza. Nikamtazama Rama mfukoni. Nikatafuta paka.

"Dada," akasema Ndayi taratibu, "yaulize meno ya Fundi."

"Meno yangu yamefanya nini?"

Rama akanishika bega, kwa upole kabisa, na huo upole ndio ulioniua. "Binamu. Kila ukipata ree mbili, unatafuna dagaa mmoja. Usipopata, hutafuni. Tangu asubuhi. Tulianza kukuonea huruma, lakini ulipoinua ile barakoa tukasema huyu tumwachie Mungu."

Nikapitisha ulimi kwenye meno. Jamani. Walikuwepo. Vichwa na mikia.

Nilitaka mchanga unifunike. Kumbe mkono wangu ukiona kitu kizuri unakwenda wenyewe kuonja, kama niko sokoni nakagua mzigo! Na kinachoniuma zaidi si kwamba walinisoma. Ni kile kidole kimoja kwenye kopo. Wale dagaa wangekuwa kwenye kopo badala ya tumboni, saa hizi ningekuwa naongea na nyie kutoka kwenye boti.

"Na hao utanilipa," akasema Da Mwajuma. "Utanitengenezea taa zangu." Nikasema sawa, dada. Ningesemaje?

Jioni nimemsindikiza Rama. Amevaa shati langu, lile la pasi, maana lake lilikuwa na mafuta na mimi sina tena pa kulivaa. Boti likaondoka, akanipungia mkono, halafu kwa makusudi akajifanya anainua barakoa na kutafuna. Boti zima likacheka. Kumbe ameshawasimulia kabla hata ya kung'oa nanga.

Nimekaa hapa ufukweni, simu ikatetemeka. Neema.

"Rama amenipigia. Ni kweli umekula nafasi ya kuja kuniona?"

Nimeandika, nimefuta, nimeandika. Mwisho nimemjibu ukweli: "Ni kweli. Lakini hawakuwa na mchanga."

Halafu akanitumia sauti yake, mara ya kwanza kuisikia. Hakuna neno hata moja ndani, ni kicheko kitupu, mwanzo mpaka mwisho. Nimeisikiliza mpaka chaji ya simu inakaribia kwisha.

Kwa hiyo tafadhali nyie msicheke. Neema ameshacheka kwa niaba yenu wote, na yeye ndiye ninayemruhusu.