Nyangumi wa Mgongo Wazi

Jumatatu, 3 Juni 1996

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Chuoni wametukumbusha tena: asiyeleta barua ya atachimenti, yaani ya kupokewa mahali pa mafunzo ya kazi, kufikia Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe kumi na nne, atarudia mwaka. Dada yangu Seline, anayefulia watu nguo mtaani Lavington na kunilipia karo, alishasema hawezi kulipia mwaka mmoja mara mbili. Alisema hivyo akiwa ameloweka mikono kwenye maji ya chumvi.

Ila kuna nafasi. Kampuni moja ya boti zinazopeleka wageni kutazama nyangumi kule Watamu, pwani, inataka mwanafunzi mmoja, miezi mitatu. Kazi ni kusimama ndani ya boti na kuwaeleza wageni na watoto wa shule mambo ya bahari. Chakula wanatoa, malazi wanatoa. Tumeomba wawili tu, mimi na Mwanzia wa darasa letu. Mwanzia ni wa Kitui, ambako watu hufukua mchanga wa mto kutafuta maji. Mimi ni mtu wa Ziwa. Karibu nimhurumie.

Kusema kweli kwetu ni Ugenya, na hilo ziwa nimeliona mara mbili, kupitia dirisha la basi. Lakini hakuna aliyeniuliza.

Jumanne, 4 Juni

Mambo yameharibika. Wanataka barua ya kuthibitisha kwamba mwombaji anajua kuogelea. Sijui. Niliwaza hadi kichwa kikaniuma, ndipo nikakumbuka kwamba nimebatizwa.

Nikaenda kwa Pasta Shivachi, hapa hapa mtaani kwetu Gatwekera. Nikamwomba aandike kuwa mimi ni mwogeleaji. Akakataa, akasema muhuri wa kanisa hauandamani na uongo. Basi nikamwomba aandike ukweli. Akaandika kwamba mimi, Okeyo, nilizamishwa mwili mzima mbele ya mashahidi, nikatoka nikiwa hai. Tangi halikutajwa. Kanisa letu halina mto, kwa hiyo tunabatiziwa kwenye tangi la bati nyuma ya jengo. Pasta akaniombea pia, muda mrefu kuliko nilivyohitaji.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda Kawangware kwa miguu kumpeleleza Mwanzia. Anaishi na shangazi yake, Mama Kalekye, msusi wa vyondo. Mama huyo alinipa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, sahani mbili na kuniita mwanangu. Upelelezi ni kazi ngumu ukiwa umeshiba.

Mwanzia hakunificha kitu. Amejifunza kuogelea wiki sita, kila Jumapili baada ya misa, na barua ya mwalimu wake anayo. Ana pia kitabu kimoja kuhusu nyangumi, cha maktaba. Nikamwomba aniazime. Akanipa papo hapo, na kuniambia ukurasa wa kuanzia.

Nimemmaliza! Siku mbili kabla ya mahojiano ya Ijumaa, hana cha kusoma. Kitabu kiko chini ya godoro langu. Sijakifungua. Haja yangu ilikuwa yeye asikisome.

Alhamisi, 6 Juni

Kesho kila mmoja wetu atafundisha darasa la sita la shule moja ya msingi Kawangware, dakika kumi, wakubwa wakitazama. Mwanzia ana chaki. Mimi nimeona mbali zaidi.

Adhis, jirani yetu, huuza mgongo wazi: mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki viwanda vikishachukua nyama. Nimemchotea maji mitungi sita, akanipa mifupa minne mikubwa. Nikaiunga kwa waya, nikapata nyangumi mwenye urefu wa mlango.

Seline aliporudi kazini alisimama nje, akauliza hicho ni kitu gani. Nikamwambia ni maisha yetu ya baadaye. Akasema maisha ya baadaye yananuka, yalale juu ya paa.

Ijumaa, 7 Juni

Paka wamemla nyangumi kuanzia kichwani. Nimemgeuza, mkia sasa ndio kichwa.

Kampuni ilimtuma Bi Wekulo, mama mpole wa miwani. Aliketi nyuma ya darasa pamoja na mwalimu mkuu, Bi Kavindu. Mwanzia alitangulia. Akachora ubaoni. Akasema nyangumi si samaki. Huvuta hewa kama sisi, hunyonyesha mtoto, na mkia wake umelala bapa, huupiga juu na chini. Kila neno nilijua limetoka wapi. Lilikuwa limelala chini ya godoro langu.

Zamu yangu ikafika. Nikafunua gunia. Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono, akasema, "Ticha, hiyo si nyangumi. Hiyo ni mgongo wazi." Mwenzake akaeleza jinsi mathe wake huipika na nyanya. Wa tatu akauliza kama tutagawana. Nikakaza moyo, nikatangaza kwamba nyangumi ndiye samaki mkubwa kuliko wote. Darasa zima likanijibu kwa pamoja kuwa si samaki. Wakanifafanulia na habari za mkia.

Bi Wekulo aliisoma barua ya Pasta mara mbili. Akauliza nilizamishwa wapi. Nikasema nyuma ya kanisa. Akauliza kina chake. Nikasema kiunoni. Alivua miwani akaifuta, muda mrefu.

Nafasi amepata Mwanzia. Alinipa mkono, akaniambia pole, na nisiharakishe kurudisha kitabu. Hapo ndipo nilipotaka kulia.

Jumatatu, 10 Juni

Nilimficha Seline siku tatu. Leo Adhis amemwambia. Sikufokewa. Seline alinipakulia ugali, akakaa kitandani, akasema amechoka. Hilo tu. Nimeona aibu. Siku nzima sijapanga mpango wowote, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Jumanne, 11 Juni

Nimeokoka! Bi Kavindu amenitumia ujumbe chuoni. Anasema tangu Ijumaa darasa la sita halizungumzii kitu kingine, na hajawahi kuwaona watoto wakibishana na mwalimu kwa raha vile. Atanichukua kwa atachimenti, nisaidie somo la sayansi muhula huu.

Nilifika Kawangware nikihema. Fomu ilikuwa mezani imeshajazwa, muhuri kando yake. Ilibaki sehemu moja tu, ya ujuzi mwingine. Bi Kavindu alisema hiyo si lazima, naweza kuiruka.

Nikaandika: kuogelea.

Alifurahi mno. Kumbe shule imepewa nafasi kwenye bwawa la kuogelea kila Ijumaa, na imekosa mtu wa kuwafundisha watoto. Wako arobaini. Akapiga muhuri.

Seline ameisoma fomu mara tatu. Mara ya kwanza alitabasamu, na sijamwona akitabasamu tangu wiki iliyopita. Mara ya tatu alifika kwenye mstari ule. Akaniuliza, polepole, kama nimefikiria nitawafanya nini watoto wa watu Ijumaa.

Nimemwambia aache wasiwasi. Leo ni Jumanne tu.