Savisi Kubwa Kabla ya Mazishi Yangu

Jumatatu, 2 Juni 2025

Daktari amesema moyo umechoka, Krismasi nisiitegemee. Nina miaka sabini na tisa. Basi ni wakati wa kuungama. Apio, binti yangu, daftari hili ni lako nikishafukiwa. Ile Subaru ya turbo niliyokuambia nimeiuza mwaka aliofariki mama yako: sikuiuza. Iko Bwera, mpakani na Kongo, gereji ya fundi Muzamiru, chini ya turubai. Kila nilipokuaga kwamba nakwenda kupimwa macho, nilikwenda kuisalimia.

Nimeamua. Nitaiendesha mwenyewe hadi Kitgum, nikafie kwetu. Sitaki kupelekwa nyuma ya pikapu, nimelazwa, Okot wa chama cha mazishi amekaa pembeni akiimba.

Muzamiru ameifungua. Belti ya injini, pampu ya maji, plagi, klachi, mafuta yote. Savisi kubwa. Milioni nne na nusu! Nikamwambia gari ni la zamani, anihurumie. Akajibu kwamba mzee, hii iko gari ya mbio, haiko ya kubeba matoke. Ikizeeka ndiyo inataka heshima zaidi. Laiti nawe, Apio, ungesema hivyo kunihusu.

Jumatano, 4 Juni

Mkutano wa chama cha mazishi. Sisi ni watu wa kaskazini tulioletwa Kasese na mgodi na saruji, na chama husafirisha maiti hadi kwao. Milioni tano kwa kila mwanachama. Nimechanga miaka ishirini na sita. Nikasimama, nikatoa hoja safi: nipeni fungu langu sasa, nijisafirishe ningali hai, msihangaike na sanduku.

Mweka hazina ni Okot. Alikuwa mpakiaji wa saruji kiwandani Hima. Mimi nilikuwa mpimaji mgodini. Hajawahi kunisamehe. Akasoma kanuni kwa sauti: fedha ni za marehemu. Akauliza kama mimi ni marehemu. Nikasema bado kidogo. Akasema basi Mzee Ocan akamilishe masharti kwanza. Wakacheka hadi chai ikapoa. Hata katibu!

Ijumaa, 6 Juni

Nimejaribu kubana matumizi. Nimejinunulia belti sokoni Bwera, muuzaji akiapa kwamba ni ya Subaru. Muzamiru akaitazama, akawaita mafundi wenzake waje waione. Ni ya mashine ya kusaga mahindi.

Jumapili, 8 Juni

Habari za mkutano zimeenea: Ocan anakufa. Baada ya ibada wamekuja kuniona watu kumi na wanne. Na kwetu mgonjwa haonwi kwa mikono mitupu. Sukari, sabuni, na bahasha chini ya mto. Nikaona njia! Nilikuwa nimekaa, nikalala. Ninaumwa kweli, Apio, sikudanganya. Niliongeza sauti tu.

Jumatano, 11 Juni

Siku tatu za kukohoa kwa bidii. Leo Okot. Akapiga magoti, akaomba nusu saa nzima. Kisha akatangaza mbele ya wote kwamba amenisamehe lile vumbi nililommwagia kwa Subaru yangu barabara ya Hima, siku ya ubatizo wa mwanawe, yeye akiwa na suti nyeupe. Akalia. Bahasha yake ilikuwa nene kuliko zote. Nilikaribia kuona aibu.

Nikahesabu, nikaongeza akiba yangu ya jeneza. Imetimia! Nikampigia Muzamiru simu nikiwa chini ya blanketi.

Jumanne, 17 Juni

Muzamiru ameleta gari. Wewe, Apio, uko shuleni unafundisha. Injini inanguruma kama enzi zile. Nikavaa tai. Nikaketi. Nikakanyaga klachi.

Haiendi! Mpya, ngumu kama jiwe. Miguu yote miwili: haiendi. Nikaisukuma kwa mkongojo: ikaenda. Mkongojo ukateleza. Gari likaruka kama mbuzi, likazima langoni, hatua moja kutoka kwa Okot aliyekuwa akiniletea supu.

Akaitazama tai yangu. Akauliza ni nani hasa aliyekuwa akifa wiki iliyopita. Nikakohoa. Haikusaidia. Kisha akasema, kwa upole wa kuudhi, nihamie kiti cha pili. Atanifikisha Kitgum yeye, bure, mwendo wa arobaini, tukiomba njia nzima. Ukarudi, Apio, ukayakuta yote. Ukasema tu nimshukuru Mzee Okot na nifungashe nguo.

Nimekataa. Okot kwenye usukani wangu? Bora pikapu!

Supu nimeinywa. Nzuri sana.

Jumatano, 18 Juni

Sikulala, nilikuwa nawaza. Asubuhi nimempigia Muzamiru. Anasema iko giaboksi ya otomatiki: haina klachi, hata mgonjwa anaiendesha. Milioni tatu na nusu pamoja na kazi.

Kasese hawatanipa tena hata kipande cha sabuni. Okot amewasimulia wote. Lakini Bwera hawajui kitu. Muzamiru ana chumba nyuma ya gereji, kina kitanda na mto mpana.

Kesho nahamia kuugua huko.