Pijo ya Mukandekezi

Jumatatu, 19 Agosti 1991

Nimerudi kwenye kazi yangu halisi, kuunda magari. Miaka minane nimekuwa mtu wa kubadilisha breki hapa Gatsata, kimya, kama nilivyomwapia mke wangu siku Fiat yangu ya mbio ilipoingia mto Nyabugogo bila mimi. Leo mke wangu huyo huyo, Mukandekezi, kanifungulia mlango. Marehemu baba yake alimwachia pikapu, Pijo 403 ya mwaka 1961, iliyolala Kicukiro kati ya migomba. Tumeivuta kwa kamba hadi garaji. Anataka itembee, basi. Amepata kazi ya kushona sare za shule moja ya Remera, na tarehe 31 lazima zifike. Cherehani yake haijapumzika tangu Juni. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, itatembea. Hakuuliza itatembeaje.

Jumatano, 21 Agosti

Nimetoa chini ya godoro ule ukurasa wa gazeti alioniachia Mbelgiji mmoja, mteja wa zamani. Pikapu ya Kimarekani. Paa limekatwa likashushwa, injini kubwa iko nje, gari limelala chini kama mamba. Injini ya Pijo haifiki huko. Jean-Berchmans, mwenye garaji ng'ambo ya barabara, ana injini ya Benzi ya silinda sita, imetoka kwenye gari lililopinduka. Akataka tubadilishane kwa mashine yangu ya kuchomelea. Nimempa. Kaniuliza nitachomelea na nini. Mwenye wivu hakosi swali.

Ijumaa, 23 Agosti

Nimekata paa. Nilipima kiganja kimoja, msumeno ukaenda viwili. Sasa nikikaa naiona barabara kupitia tundu la usukani. Inatosha. Nikaenda kumwomba Jean-Berchmans anichomelee. Kwa mashine yangu! Akaniweka kwenye foleni, nyuma ya baiskeli mbili na kitanda.

Jioni Mukandekezi akapita, akauliza paa limekwenda wapi. Nikamweleza habari za upepo, na kwamba petroli ni haba, gari fupi halili sana. Akasema ana vifungo vingi vya kushona, hana nafasi ya kugombana.

Jumanne, 27 Agosti

Majaribio. Injini ya Benzi imeingia, ila boneti haifungi, nimeitupa. Mabomba ya moshi nimeyapitisha nyuma ya kichwa cha dereva, mawili, yanang'aa. Nikateremka Nyabugogo. Watu wakatoka madukani kunitazama. Furaha hiyo hata siku ya harusi yangu sikuipata, na hili mtu asilisome.

Karibu na bariyeri, kizuizi cha wanajeshi barabarani, nikaachia mafuta. Mabomba yakalia mara tatu, pa, pa, pa. Wanajeshi wote wakalala chini. Tangu vita vianze huko kaskazini, hakuna anayesikia mlio kama ule akabaki amesimama. Nikatoka mikono juu. Koplo akaniamuru niisukume hadi Gatsata, mlima wote, injini nisiiguse. Jean-Berchmans alikuwa kaketi mlangoni kwake. Hakucheka. Alisimama akanipigia makofi, taratibu. Afadhali angecheka.

Jumamosi, 31 Agosti

Tulipakia sare asubuhi, tukazifunika turubai. Mukandekezi alivaa kitenge kipya, akakaa mbele kichwa kimeinama kwa sababu ya paa. Jean-Berchmans akaniita pembeni. Akasema mabomba yale yanatema cheche, yuko tayari kuzipeleka sare kwa Daihatsu yake, bure. Nikamwambia asante kwa sauti ya kumfukuza.

Kwenye mlima wa Remera nikakanyaga mafuta. Hatukuwa tumechelewa. Lakini mbele yetu kulikuwa na teksi, na dereva wake alinitazama vibaya. Nikampita. Nilikuwa bado nacheka Mukandekezi aliposema kuna harufu ya nguo. Turubai lilikuwa linawaka.

Wenye maduka wakaja na ndoo. Kilichoachwa na moto kikachukuliwa na maji na masizi. Mwalimu mkuu akashuka kutoka shuleni, akachagua sare safi, hazikufika hata nusu. Zilizopungua, akasema, atampa fundi mwingine azishone. Mukandekezi akakaa ukingoni mwa barabara akazikunja zilizoungua, moja moja, mikono ndani, kana kwamba zitavaliwa. Nikamwambia turubai za siku hizi ni hafifu.

"Baba Uwase," akasema, "nilikuomba itembee tu."

Jumapili, 1 Septemba

Amehamia kwa dada yake, Kicukiro. Cherehani ilibebwa na Daihatsu ya Jean-Berchmans. Aliendesha polepole, kama kabeba mayai. Mnafiki. Nimekunywa chai bila sukari, sijui sukari huwekwa wapi. Sikujua kwamba miaka yote hii nilikuwa nalala kwa mlio wa cherehani.

Jumanne, 3 Septemba

Nimekwenda kuomba msamaha. Maneno niliyafanyia mazoezi njiani, yalikuwa mazuri. Shemeji Kamanzi, mume wa dada yake, akanipokea uani, akaniambia ningoje. Ndani niliisikia cherehani.

Nyuma ya nyumba kuna Kombi ya Volkswagen iliyokufa zamani. Nikasogea kuangalia tu. Mukandekezi alipotoka na kikombe cha chai, nilikuwa uvunguni mwake, miguu tu ndiyo iliyokuwa nje.

"Umenifuata mimi?" akauliza.

Nikajibu ndiyo, kabisa. Kisha nikauliza kama Kamanzi anao ufunguo wa Kombi. Akaweka kikombe chini juu ya jiwe, akarudi ndani. Nikasikia komeo.

Kamanzi kasema niichukue hata leo, mradi niondoke nayo. Watu wema bado wapo. Kombi injini yake iko nyuma kabisa, moshi unabaki nyuma, mzigo hauungui. Paa nitalishusha kiganja kimoja tu. Mukandekezi hajui bado, lakini akiiona atafurahi.