Miaka ya Themanini Haishindwi

Jumatatu, 6 Oktoba

Balaa! Mzee Yancey, mwenye ukumbi wetu wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu hapa Barabara ya Maili Saba, katangaza kwamba hawezi tena kulipa madijei wawili wa Jumapili. Abaki mmoja. Ama mimi, Alphonso Pettway, mpigaji wa muziki wa miaka ya themanini, mwaka wa kumi na tisa huu. Ama Verdell Hightower, dereva wa basi mstaafu, na santuri zake za miaka ya sabini zinazonuka kabati.

Sababu ni vijana. Wanakodi viatu, kisha wanakaa kwenye mabenchi kuchezea simu. Mzee anasema atabaki yule atakayewaonyesha kwamba muziki wao wa leo umezaliwa na muziki wake. Jumapili hii, nusu saa kila mtu. Yeye atahesabu waliosimama.

Nilicheka kwa sauti. Vinanda vya umeme! Ngoma za mashine! Msanii gani wa leo anatoa wimbo bila hivyo? Verdell akaniambia usijisumbue, mdogo wangu, watoto wa leo wanakuona wewe ni fundi wa taa tu. Ananizidi miaka minne. Mdogo wake nani?

Sijala chakula cha jioni. Jumatatu hadi Jumamosi natengeneza mashine za kufulia. Jumapili saa tisa naingia ukumbini na watu wananiita kwa jina. Nikinyang'anywa Jumapili nitabaki na mashine za kufulia. Naogopa, na humu siwezi kujidanganya.

Jumanne, 7 Oktoba

Mbinu ya kwanza: ushahidi. Nimekaa ndani ya gari saa mbili nzima nikisikiliza redio ya vijana, mteja akinisubiri na maji yamemfika vifundoni. Nyimbo ishirini. Kumi na tisa zina alama ya miaka ya themanini! Nimeandika karatasi kubwa na kuibandika kwenye kaunta ya vitafunio, ambapo dada yangu Odessa anauza chipsi za mahindi zilizomwagiwa jibini ya moto na soda nyekundu.

Nimerudi saa kumi. Verdell kasikiliza redio ile ile. Kaandika chini ya karatasi yangu, kwa kalamu yangu: besi, vinubi, makofi, waitikiaji, vyote vya miaka ya sabini, ishirini na moja kati ya ishirini. Kahesabu na tangazo la sabuni! Nimelalamika kwa Odessa. Odessa kaniuliza kama yule mteja kashapata mtu wa kumkaushia nyumba.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimepata habari nyeti. Verdell kanunua kompyuta. Anataka kunipiga kwa teknolojia!

Nimemwendea Mzee Yancey mbio. Nimemwambia dijei wa kweli hapigi kompyuta, na mashindano haya yawe ya santuri tupu, atakayetumia kitu kingine aondolewe. Mzee kakubali. Nimeomba pia niwe wa pili, ili neno la mwisho liwe langu. Kakubali na hilo. Siku tukufu.

Baadaye Odessa kaniambia kompyuta ni ya kuongea na wajukuu walioko Atlanta. Na Verdell aliposikia sheria ya santuri tupu alisema asante, kwa sababu hana kitu kingine. Sikupenda alivyosema asante.

Ijumaa, 10 Oktoba

Usingizi umegoma, lakini kichwa kimefanya kazi. Mbinu kuu!

Pale kwenye kibanda cha dijei kuna mashine mbili za santuri. Kila moja ina kitufe cha kasi: polepole kwa santuri kubwa, haraka kwa ndogo. Verdell anapiga kubwa tu. Nimekwenda asubuhi na mkoba wa fundi, nikamwambia Mzee naangalia nyaya. Kanishukuru. Kanipa na kahawa. Nikaweka tone la gundi kwenye kila kitufe, upande wa haraka. Having'oki hata kwa bisibisi, nimejaribu.

Waimbaji wake wenye sauti nzito watalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Ukumbi mzima utamzomea. Nilimaliza kahawa ya Mzee, nikatoka kwa furaha.

Jumapili, 12 Oktoba

Niandike haraka kabla sijabadilisha mawazo kuhusu kuishi.

Saa tisa. Ukumbi umejaa. Verdell kapanda kibandani na koti lake la dhahabu, kaweka santuri. Yule mwimbaji wa mapenzi, mwanamume wa miraba minne, katoka na sauti ya mtoto wa chekechea. Verdell kabonyeza kitufe. Kabonyeza tena. Nikauma ngumi nisicheke.

Kisha benchi la kwanza likasimama. Vijana! Simu mifukoni! Wakaanza kupiga kelele kwamba huo ni ule wimbo wao wa wiki hii, ule ule, kasoro ngoma tu. Benchi la pili likasimama. Inaelekea wasanii wa siku hizi wanachukua sauti za zamani, wanazikimbiza, wanauza. Nani alinieleza mimi? Nilisikiliza redio saa mbili nikihesabu vinanda!

Verdell hakubabaika. Kashika kipaza sauti, kawaambia haya sasa, wanangu, mnamsikia babu yenu akiwa na haraka. Wakacheka, wakateleza. Wazee wakawafundisha kwenda kinyumenyume. Mzee Yancey aliacha kuhesabu, akavaa viatu akaingia mwenyewe.

Zamu yangu. Nimeweka santuri yangu bora ya miaka ya themanini. Santuri kubwa. Kwenye mashine ile ile.

Naapa sikuwa nimelifikiria hilo.

Muziki wa themanini una kasi yake tayari. Ulipoongezewa, hakuna kiumbe mwenye miguu miwili ambaye angeuweza. Wakati ule mke wa Mzee alikuwa anaongoza treni ya watu kumi na wanne walioshikana viuno. Treni ilijitahidi raundi moja. Kwenye kona ya vitafunio ikashindwa, yote, mabehewa kwa kichwa, ikaingia kwenye chipsi za Odessa. Hakuna aliyeumia. Jibini ilikuwa kila mahali. Nikakimbilia simu yangu nipige muziki kutoka humo, Mzee akanikumbusha kwa upole sheria yangu mwenyewe.

Jumapili ni ya Verdell. Nimelia ndani ya gari, kwenye maegesho, nikiwa na jibini kwenye nyusi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Verdell kaja nyumbani. Kabeba mkate wa mahindi na kile kitufe, kimeng'olewa, gundi ikining'inia. Kasema ameendesha basi miaka thelathini na moja na anajua sura ya mtu aliyefanya jambo. Hajamwambia Mzee. Kasema mdogo wangu, wale watoto walilalamika kitu kimoja tu, kwamba ngoma hazikuwepo, na ngoma hizo ni za kwako. Waimbaji wake, ngoma zangu za mashine, tupige pamoja kila Jumapili. Malipo tugawane. Mzee kakubali.

Mkate ulikuwa wa moto. Nilikula vipande vitatu nikijifanya nafikiri.

Nimekubali. Maskini Verdell! Kanifungulia mlango wa ngome yake mwenyewe. Hajui kwamba nitakuwa nakaa bega kwa bega naye, nikitabasamu, nikimsoma. Nipe wiki tatu tu. Ukumbi mzima utakuja kukiri kwamba hata miaka ya sabini iliiga miaka ya themanini.