Mikate Miwili ya Mama Eufrasia

Jumamosi, 6 Mei

Nimefika Wayllapata, kijiji cha milimani huku Peru. Muda wa saa saba juu ya lori la dereva Zenón, kati ya magunia ya sukari na kondoo aliyenikojolea kiatu. Kiatu cha ngozi! Nitavumilia. Jumanne ya tarehe 16, saa nne asubuhi, jopo la chuo linakaa Cusco kumchagua mhadhiri mkuu wa anthropolojia. Mimi ni mhadhiri msaidizi mwaka wa kumi na tisa huu. Niliowafundisha wana vitambi sasa. Eti kasoro yangu ni moja tu: sijawahi kuishi na watu ninaowafundisha habari zao. Haya, nitaishi nao. Siku nane zinatosha, kijiji ni kijiji tu.

Mshindani wangu yuko hapa tayari. Hortensia Yábar, mwanafunzi wangu wa zamani, anautaka ukuu huohuo. Ana miezi kumi na minne hapa. Nimemkuta akikanyaga viazi vilivyogandishwa na baridi ya usiku, ili vikamuke maji, pamoja na wanawake, miguu mitupu, suruali imekunjwa magotini. Nikamuuliza daftari lake liko wapi. Akasema liko nyumbani, saa hizi ana kazi. Ana kazi! Na utafiti anafanya lini?

Jumapili, 7 Mei

Siku ya ushindi. Baada ya misa mwenyekiti wa kijiji, Nicanor Huillca, alinitambulisha uwanjani. Nikawaeleza kwamba mimi, Wenceslao Portocarrero, ni bingwa wa somo la zawadi na wajibu katika jamii, na nimelifundisha miaka tisa bila kubadilisha hata ukurasa. Nicanor akauliza kama nimekuja na zawadi. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kisha akatokea mjane mmoja, Mama Eufrasia Ttito, amebeba mikate ya mviringo katika kitambaa, na chupa ya pombe kali. Akawa anapita kwa wanaume mmoja mmoja. Sijapata kuona ufidhuli wa namna hiyo! Wa kwanza aliweka mikono nyuma, akasema mgongo unamuuma. Wa pili alikumbuka kwamba ng'ombe wake anazaa. Wa tatu alikimbia kabisa. Mkate wa mjane, na hakuna hata mmoja wa kuupokea!

Akanifikia mimi. Uwanja mzima ukageuka kunitazama. Akasema maneno mengi kwa Kikechua. Kikechua changu ni cha vitabuni, nikaambulia "Mtakatifu Isidro" na "tafadhali". Nikachukua mikate miwili. Nikaila palepale mbele ya watu wote, nikaishushia na bilauri nzima ya pombe. Wanaume wakavua kofia. Nicanor akanikumbatia. Mama Eufrasia akakaa chini, akajifunika uso kwa shali.

Hortensia alikuwa amesimama mlangoni pa kanisa, mdomo wazi. Wivu mtupu.

Jumanne, 9 Mei

Kijiji kiko mkononi mwangu. Jana wanawake wawili walikuja kunipima kichwa ili wanishonee kofia. Leo wanaume wamekuja kuuliza kama napenda tarumbeta au fidla. Nikasema tarumbeta. Wakauliza mitungi ya chicha, pombe yao ya mahindi, ianze kuchachuka lini. Nikasema hata sasa hivi. Watu hawa wanajua kumheshimu msomi, ingawa maswali yao ni ya kitoto.

Jioni. Msiba! Hortensia amekuja kunieleza. Ule mkate unaitwa hurka. Si chakula, ni ombi. Anayeupokea amekubali kuibeba sikukuu, na aliyekula mbele ya watu hana pa kutokea. Kwa hiyo mimi ndiye mwenye sikukuu ya Mtakatifu Isidro. Nitakilisha kijiji kizima, nitawagawia chicha kwa mkono wangu mwenyewe, na sitaondoka mpaka sanamu ya mtakatifu irudishwe kanisani. Kuanzia tarehe 14 hadi 17. Jopo ni tarehe 16!

Nikamwambia hurka naijua, imo katika somo langu, mhadhara wa sita.

"Sasa mwalimu, kama unaijua, ulikula ya nini?"

Nikamjibu kwamba nilikuwa na njaa.

Akasema nisijali, kesho atapanda mlimani kunakoshika mtandao, apige simu chuoni aeleze. Eti jopo la wanaanthropolojia haliwezi kushindwa kuelewa jambo kama hili, nitapangiwa siku nyingine. Ameniona mjinga! Anataka jopo lisikie kwamba bingwa wa zawadi amenaswa na mkate. Nikamkataza kabisa. Nikamwapisha asimwambie mtu. Nitajinasua mwenyewe.

Jumatano, 10 Mei

Mpango wa kwanza: ugonjwa. Mgonjwa habebi sikukuu. Nililala tangu asubuhi, nikagumia vizuri sana. Nilitaraji watanipakia kwenye lori wanikimbize mjini. Badala yake waliniletea mganga wao, Mama Basilia, bibi mfupi mwenye simbilisi hai chini ya kwapa.

Akanisugua kwa yule mnyama mwili mzima, kuanzia utosini hadi nyayoni, naye akinikwaruza njia nzima. Kisha akampasua, akamwangalia ndani, na watu kumi na wawili wakainama kuangalia pamoja naye. Hata faragha hawaijui!

"Moyo mzima, ini zima," akasema. "Kinachomuuma huyu ni miguu. Inataka kukimbia."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mambo ya kishenzi. Na yule simbilisi nilimwona baadaye amekaangwa, wanamla wao.

Ijumaa, 12 Mei

Mpango wa pili: lori. Alfajiri nilijiingiza chini ya turubai na begi langu. Zenón akaja, akapiga teke magurudumu, akafunua turubai. Nikamsalimu. Nikamwambia nina dharura mjini, nitamlipa maradufu.

Akavua kofia. Akasema, kwa adabu iliyonichefua, kwamba yeye pia amekula mkate wa Mama Eufrasia. Alipoona mgeni kaupokea, aliona aibu, akaenda mwenyewe kuuomba. Wajibu wake ni kuleta wapiga tarumbeta.

"Nikikupeleka mjini leo, mwalimu, siku nyumba yangu ikianguka nani wa hapa atakuja kuishika nguzo? Shuka tu, ndugu yangu. Begi nitakubebea."

Na akalibeba kweli, akipita katikati ya kijiji, ili kila mtu alione. Watoto walinipungia mkono. Nilitembea nyuma yake nikijifanya natazama milima.

Jumamosi, 13 Mei

Mpango wa tatu, na ndio wenye akili. Kama mkate ndio unaofunga, basi mkate unaweza kumfunga mwingine! Nilitafuta kitambaa safi, nikaweka mikate minne, nikaenda kwa Hortensia kabla hajanywa uji. Nikamwambia nimekuja kusalimia tu, aonje.

Alinitazama. Akaweka mikono nyuma.

"Samahani, mwalimu. Mgongo unaniuma."

Malaya wa elimu! Na mimi ndiye niliyemfundisha kusoma vitabu.

Akarudia habari ya simu. Akasema muda bado upo, nimruhusu tu. Nikamwambia shikamoo yake siihitaji na huruma yake aimwage nje. Akasema basi. Kesho kutwa anaondoka na Zenón kwenda kwenye jopo, na kwa kuwa nimemwapisha, hatasema lolote, hata kwa nini sikuja.

Nilirudi nikakuta nyumba niliyopangiwa imejaa watu. Walewale waliokataa mkate Jumapili! Wa mgongo kaleta magunia mawili ya viazi. Wa ng'ombe kaleta kondoo. Aliyekimbia kaleta kuni, na mke wake, na dada watatu wa mke wake. Nikauliza mbona sasa wanaleta. Wa mgongo akanijibu kwamba kubeba peke yako ni kazi, lakini akishapatikana wa kusimama mbele, wengine wote wako nyuma yake. Jibu lisilo na mantiki hata chembe. Sikuliandika.

Jumapili, 14 Mei

Wamenivisha kofia yenye riboni na poncho, joho lao la sufu, linalonuka moshi. Mkononi fimbo yenye msalaba wa bati. Nimetembea mbele ya mtakatifu kuzunguka mashamba yote, na mashamba yao yamesimama wima kama ukuta. Tarumbeta tisa sikioni. Kila kona nasimama, namimina chicha ardhini, namimina nyingine kwenye kikombe, nampa mtu, naye ananirudishia nami ninywe. Kona ni arobaini na moja.

Mama Eufrasia alitembea kando yangu mwendo wote akinishika kiwiko nisianguke. Mara kwa mara ananirekebisha kofia. Mwanamke msumbufu.

Jumanne, 16 Mei

Saa nne asubuhi kamili nilikuwa nimeshika kata, namgawia chicha bibi asiye na meno. Nikatazama saa. Nikaona jopo limekaa, nikaona kiti changu kitupu. Machozi yakanitoka, sitaficha. Miaka kumi na tisa!

Bibi yule akayaona. Akawaambia wengine kwamba mwenye sikukuu analia kwa furaha ya mtakatifu. Ikawa kelele, wakanibeba juu juu, tarumbeta zikaanza upya. Nicanor akatangaza kwamba tangu azaliwe hajaona mgeni aliyebeba sikukuu kwa moyo kama huu. Nilipiga kelele wanishushe. Wakadhani naimba.

Alhamisi, 18 Mei

Mtakatifu amerudi kanisani, nami niko juu ya lori, magunia ya viazi chini yangu.

Zenón alileta habari. Ukuu kapewa Hortensia. Jopo lilimuuliza kama anajua nilipo, naye akakaa kimya, kama alivyoapa. Wakaandika kwamba sikutokea bila sababu. Unafiki mtupu! Rafiki wa kweli angevunja kiapo.

Asubuhi, nikifunga begi, Mama Eufrasia alikuja na Nicanor wa kutafsiri. Hadithi ndefu. Marehemu mumewe, Hilario, alipougua alimwahidi Mtakatifu Isidro sikukuu tatu. Alibeba mbili, akafa. Mjane habebi peke yake, desturi hairuhusu, lazima mtu asimame badala ya mume. Amezunguka na mkate nyumba kumi na moja tangu mwaka jana, na kila mtu aliogopa deni la marehemu. Alikuwa ameshakata tamaa, usiku hapati usingizi, anamwona Hilario amesimama mlangoni hawezi kwenda zake. Jumapili ile ilikuwa mara ya mwisho ya kujaribu. Sasa usiku wa kuamkia leo, Nicanor akatafsiri, mama amelala mpaka jogoo wakawika.

Kisha mama akanishika mikono yote miwili, akaiweka usoni kwake, akalia. Alikaa hivyo muda mrefu. Nadhani ni chicha. Nilimwambia Nicanor amweleze kwamba lori halingoji.

Njiani nimefungua daftari la utafiti kwa mara ya kwanza tangu nifike, maana sikupata nafasi hata moja ya kufanya kazi. Nimeandika ripoti ya chuo, sentensi mbili tu, kwa sababu hakuna zaidi. Kwamba nimeichunguza Wayllapata kwa siku kumi na mbili na sikukuta dalili yoyote ya zawadi na wajibu, desturi hiyo imeshakufa huku. Na kwamba naomba ruhusa ya kwenda kijiji kingine, ambako watu bado wana utamaduni.