Makumbusho Yako Kushoto Kwenu

Jumatatu, 4 Agosti
Likizo imeanza kwa vita. Mjomba, mwenye basi dogo la kuwasafirisha wageni kati ya miji miwili, ametangaza mezani kwamba anahitaji mwelezaji wa njiani. Binamu yangu Kasuku atajaribiwa kesho, mimi Ijumaa. Atakayeshindwa atauza magodoro dukani kwa shangazi mpaka shule zifunguliwe. Magodoro! Kasuku hajui lolote ila hana haya. Mimi nimesoma kila kitabu kuhusu makumbusho ambapo basi husimama katikati ya safari. Tatizo dogo: nikitazamwa na watu zaidi ya wawili, ulimi hugeuka gogo.

Jumanne, 5 Agosti
Zamu ya Kasuku. Makumbushoni aliwaambia wageni kwamba ngoma kubwa ilipigwa na jitu kwa vidole viwili. Uongo mtupu! Nilimsahihisha, lakini kwa sauti ya chini mno. Aliyenisikia ni mtungi uliokuwa karibu nami. Wageni walimpigia makofi. Tulipokuwa tukirudi akaniuliza, Profesa, unapenda godoro la sponji au la sufi? Cheka tu, binamu. Mdharau mwiba guu huota tende.

Jumatano, 6 Agosti
Dawa imepatikana! Nitarekodi maelezo kwenye simu, niyapitishe kwenye spika za basi. Sauti itaongea, mimi nitatazama dirishani. Leo basi lilikwenda tupu kuchukua wageni mji wa pili. Nikakaa kwenye kiti cha mwelezaji, kile cha mbele kinachowaelekea abiria, nikarekodi njia nzima. Kushoto hiki, kulia kile. Sikuacha hata daraja. Dereva, mzee wa maneno machache, aliniuliza kama nina hakika kushoto ni kushoto. Nilimjibu kwa heshima kwamba mkono ninaoandikia naujua, shikamoo. Akasema haya, mwanangu.

Ijumaa, 8 Agosti
Simu iliongea vizuri kuliko nilivyowahi kuongea maishani. "Kushoto kwenu, fahari ya mkoa wetu!" Wageni wote wakageukia kushoto. Makumbusho yalikuwa kulia. Kushoto palikuwa na gereji ya matairi, na fundi tumbo wazi akijikuna mgongo kwa bisibisi. "Tazameni umbo lake! Limehifadhiwa vilevile tangu enzi za mababu." Fundi akatupungia mkono. Nilibonyeza kitufe cha kuzima, sauti ikapanda. "Mnaruhusiwa kugusa!" Wageni wakashuka. Wakapiga picha na fundi, wakajaribu kuingia ndani ya matairi, muda wote wa kusimama ukaishia hapo. Ng'ambo ya barabara mlinzi wa makumbusho alibaki mlangoni, funguo mkononi, kama aliyesusiwa harusi. Kasuku alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Jioni Mjomba aliniuliza nilirekodi nikitazama wapi. Nikamwonyesha kiti. Akajifuta uso kwa kofia. Mpwa wangu, akasema, wewe ulitazama nyuma, wageni wanatazama mbele. Nenda kwa shangazi yako.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimo dukani. Shangazi anasema mwana hujifunza kwa makosa, nianze kwa kumsalimu mnunuzi mmoja tu. Nilimsalimu. Kumbe ni godoro lililosimamishwa.

Nimetafakari kwa kina. Maelezo yangu yalikuwa sahihi, neno kwa neno. Kasoro ni ya viti: abiria wamekalishwa kinyume na mwelezaji! Ajabu hakuna aliyeliona hili kabla yangu. Nimempigia simu fundi wa matairi, shabiki wangu wa kwanza, aje kunisaidia, na dereva ameniletea spana yake. Aliniuliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya elimu. Akasema haya, mwanangu.

Kesho Mjomba akijilaza baada ya chakula, naanza kugeuza safu ya mbele.