Viatu Vinavyonasa

Jumatatu, 3 Machi
Jana nimefika wa mwisho tena kilimani. Mara ya tatu mfululizo. Mwenyekiti wa klabu yetu ya baiskeli kasema nikirudia Jumapili hii, basi. Nitapanda gari la maji, nigawe chupa. Shemeji, kaka yake mke wangu, alicheka mpaka akakohoa. Ana viatu vinavyonasa kwenye pedali, yule. Kumbe siri ndiyo hiyo!

Jumanne, 4 Machi
Shemeji kaja kusalimia, viatu kaacha mlangoni. Nikavipindua, nikanakili kila kitu: aina, rangi, namba 42. Dukani muuzaji kauliza kama mguu wangu ni 42. Wangu ni 44. Nikamwambia anayeshinda anavaa 42.

Alhamisi, 6 Machi
Vidole vimekufa ganzi. Fundi kafunga pedali mpya. Kutoka, kasema, unazungusha kisigino kwa nje, na skrubu za pedali zinazobana kiatu ziachwe zilegee mpaka nizoee. Jioni shemeji kapiga simu, ushauri uleule. Tangu lini huyu ananitakia mema? Nimezikaza mpaka mwisho.

Ijumaa, 7 Machi
Mazoezi uani, nimeegemea ukuta wa jiko. Kunasa, safi kabisa. Kunasuka, bado. Mke wangu kauliza kama huo ukuta nitakwenda nao Jumapili. Nimechoka.

Jumapili, 9 Machi
Nimempita shemeji! Nimewapita watano! Mstari huo hapo, naona hata meno ya mwenyekiti. Ghafla kanyoosha mkono: lori linakatiza. Nikashika breki. Baiskeli ikasimama, miguu ikakataa kutoka. Nikaenda chini kwa ubavu, polepole, huku natazamana na kila mtu. Lori likapita. Shemeji akapita. Wakapita wote, hadi mzee mstaafu mwenye kikapu. Nilitamani ardhi ipasuke. Mke wangu akaja, akachuchumaa, akaanza kufungua kamba.

"Vua viatu tu, baba. Baiskeli haiendi popote."

Jumatatu, 10 Machi
Ubavu unauma. Mwenyekiti kanikabidhi ufunguo wa gari la maji. Nimemwomba Jumapili moja tu ya mwisho. Kakubali, nadhani kwa huruma. Shemeji kasema, kwa upole wa kuudhi, nilegeze skrubu. Hanipati! Nimelala chali siku nzima nikitafakari. Viatu havina kosa. Skrubu hazina kosa. Kosa lilikuwa kusimama.

Kesho nang'oa breki.